Mwaka wa Kutokimbia

Ijumaa, 2 Januari

Dawa ya magugu imekwisha stoo. Nimeandika oda mpya na kuipeleka kwa Bwana Jivan aweke sahihi. Mvua tangu alfajiri. Huku Mbeya, Uyole yote ni matope na malori. Wateja wamejaa, kana kwamba mwaka mpya ndio uliowakumbusha kuwa wana mashamba. Wasukuma wawili kutoka Usangu wamebishana kuhusu mbegu ya mpunga mpaka Bwana Jivan mwenyewe akatoka ofisini kuwapatanisha. Chakula cha mchana nimekula nimesimama.

Sasa azimio.

Kwenye ibada ya mwaka mpya mchungaji alitaka kila mtu aingie mwaka na jambo lake. Wengine walitaja nyumba. Wengine mume. Mimi niliandika mengi: kuacha kung'ata kucha, kunywa maji, kutosema ndiyo kwa kila mtu. Jana nimeyafuta yote, limebaki moja. Mwaka huu sikimbii. Simu ikilia sitadhani ni msiba. Mama asipopokea sitadhani amekufa. Nitaamini ninachoambiwa. Mpaka niambiwe waziwazi kwamba kuna shida, nitakaa kwenye kiti changu na kufanya kazi yangu.

Nina shahada ya biashara. Ninaogopa simu. Ni aibu.

Jumapili, 4 Januari

Nimempigia mama Ilula na kumwambia azimio. Alipiga kigelegele. Kweli, kwenye simu, kigelegele. Halafu akasema, "Ee Mungu wangu, sasa na mimi nitapumzika." Sikujua kwamba hofu yangu ilikuwa inamchosha yeye.

Niandike ya mwaka jana hapa ili nisiyasahau nikianza kulegea. Mara ya kwanza kaka Fadhili alipiga akasema, "Njoo nyumbani tuongee." Niliacha ankara mezani nikapanda basi. Kumbe yalikuwa mambo ya mahari ya binamu yetu. Mara ya pili simu ya mama haikupatikana siku nzima. Nililia ndani ya basi kuanzia Makambako. Basi liliposimama Ilula wauza nyanya wakalizingira kama kawaida, na mwanamke mmoja akainua beseni mpaka dirishani kwangu. "Nyanya baba, nyanya za leo hizi, chukua." Alikuwa mama. Mimi macho mekundu, yeye na nyanya zake. Simu ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji. Wenzake walicheka hata baada ya basi kuondoka. Tangu siku ile jina langu pale barabarani ni Mzishi. Mzishi kaja, mama Fadhili, ficha jeneza.

Niliporudi Bwana Jivan aliniita. Hakugomba. Alisema, "Kijana, moyo yako kama ya kuku. Mara ya tatu bakia huko huko."

Ana haki. Karani anayetoroka kila simu ikilia si karani.

Hofu hii najua ilikotoka. Nikiwa kidato cha pili mwalimu aliniambia baba anaumwa, niende nyumbani, yeye atanisindikiza. Njia nzima alininunulia vitu. Tulipofika tulikuta turubai. Huku kwetu hawakwambii. Wanakuita, wanakupa mtu wa kukaa pembeni yako, unakwenda kujionea. Tangu hapo kila "njoo nyumbani" kwangu ni turubai.

Lakini nimekua. Basi.

Alhamisi, 8 Januari

Simu imelia alfajiri. Namba ngeni. Nimeiacha ilie mara tatu, kisha nimepokea. Mtu wa Chunya anamtafuta fundi wa mashine. Amekosea namba. Nimemtakia siku njema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nimemweleza Atupele, anayeshika kaunta ya fedha. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu na mdomo wake haupumziki. Amesema, "Hilo azimio halifiki katikati ya Januari. Naweka chipsi kuku." Halafu bila kupumua: "Na mbwa wa jirani yangu haonekani tangu Krismasi. Mhehe, sema ukweli, tukusamehe."

Nimekubali chipsi. La mbwa, ule utani wa siku zote kwamba sisi Wahehe tunakula mbwa, sikulijibu.

Jumatano, 14 Januari

Leo ilikuwa siku ya mtihani. Mama hakupatikana tangu asubuhi. Kaka Fadhili hakupatikana. Mwili wangu wote ulitaka kwenda stendi. Nililisikia hilo miguuni. Shati lililowa kwapani na Uyole kulikuwa na baridi ya kuvaa koti. Nimekaa. Nimeandika hati za kupokelea mbolea, moja baada ya nyingine. Kucha za mkono wa kushoto zimekwisha. Nimekaa.

Jioni mama akapiga. Umeme ulikatika Ilula, simu hazikuwa na chaji. Ndiyo hivyo tu.

Nilipomwambia kwamba sikutoka kwenye kiti, nikamsikia anawatangazia watu. Kumbe alikuwa bado barabarani na wenzake. Mama mmoja akapaza sauti, "Basi si Mzishi tena, ni Mwamba!" Wakacheka. Kicheko kizuri safari hii.

Atupele amelipa chipsi kuku. Alikula nusu yake mwenyewe. Nimefurahi mpaka nimeona haya. Nimetembea mpaka mtaa wa Soweto kwa miguu, ndani ya manyunyu, nikipiga mluzi. Sijui mara ya mwisho kupiga mluzi ilikuwa lini.

Jumapili, 18 Januari

Kaka Fadhili amepiga. Mama anaumwa kidogo. Presha ilipanda, wamempeleka hospitali, amepewa vidonge, amerudi, anapumzika. Nimeuliza, nije? Amesema usije. Nimeuliza tena. Mama akamnyang'anya simu. "Baki hapo hapo ulipo. Umeanza vizuri, usiniharibie."

Sauti yake ilikuwa imechoka lakini ni yake.

Nimeambiwa kidogo. Ninaamini kidogo. Ndilo azimio. Nimefua nguo, nimepiga pasi mashati ya wiki nzima. Nimelipiga moja pasi mara mbili.

Jumanne, 20 Januari

Nimempigia mama saa ya chakula. Aliongea kama mtu mwenye kitu mdomoni. Nikauliza, mama unakula? Kaka Fadhili ndiye aliyejibu, ndiyo, anakula uji. Nyuma yake nilisikia kitu cha magurudumu kinasukumwa sakafuni, na mwanamke anaita jina la mtu kwa sauti ya kuita foleni. Nikauliza, mko wapi? Akasema nyumbani.

Nimeamini.

Nimekosea ankara, nimeandika mifuko ya mahindi mahali pa mpunga, Bwana Jivan ameirudisha bila neno. Atupele alinitazama muda mrefu. "Nenda ukamwone mama yako, wewe. Mambo ya chipsi yalishaisha." Nimemjibu kwa ukali kidogo kwamba mama anakula uji na mimi nina kazi. Sijawahi kumjibu hivyo. Alifunga mdomo. Nilijisikia mtu mzima.

Ninaandika hili kwa makini: hofu si ushahidi. Mwaka jana nilikuwa na uhakika mara mbili, na mara mbili nilikuwa nimekosea. Anayekosea mara mbili kwa njia ileile anapaswa kubadili njia. Hiyo ndiyo maana ya kusoma.

Alhamisi, 22 Januari. Ndani ya basi, Makambako

Nadhani nimefukuzwa kazi.

Asubuhi Bwana Jivan aliitwa kwenye simu, akaenda kuzungumzia nje, kwenye mvua, yeye ambaye hapendi hata ukungu. Aliporudi alimwita Atupele ofisini akafunga mlango. Kisha mimi. Akasema, "Wewe nenda nyumbani. Leo. Sasa hivi." Nikamwambia hakuna haja, bosi, mama anaendelea vizuri, nimeongea na kaka juzi, na mwaka huu nimeazimia kutotoka kazini kwa hofu tu. Nilisema kwa kujiamini. Nilitaka aone nilivyobadilika. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Azimio nzuri sana. Lakini nenda." Akanyoosha mkono nimpe funguo za stoo.

Funguo. Ndipo nilipoelewa. Ni ile ankara ya mpunga. Au nilivyomjibu Atupele na yeye akaenda kusema. Mtu hanyang'anywi funguo kwa likizo.

Atupele yuko pembeni yangu. Anasema ana shangazi Iringa ambaye hajamwona siku nyingi. Ameomba ruhusa leo leo na amepewa leo leo. Amenikatia tiketi. Amenipa kiti cha dirishani. Ameninunulia maji, soda, karanga, mahindi ya kuchoma. Atupele ambaye pipi moja anaigawa kwa meno ili abaki na kipande kikubwa. Tangu Uyole hajanitania hata mara moja. Nimemwuliza kuhusu mbwa wa jirani, nikitarajia atacheka. Amesema, "Acha tu, mdogo wangu." Hajawahi kuniita mdogo wangu.

Najua ninachoweza kufikiri. Sifikiri.

Nimepiga simu ya mama, haipatikani. Umeme hukatika sana Ilula. Nimempigia kaka Fadhili. Amepokea, amesema, "Uko wapi? Njoo tu, njoo," akakata. Palikuwa na watu wengi pale alipo. Labda ni gulioni.

Sijaambiwa. Mpaka niambiwe.

Nikifukuzwa, kodi ya chumba nitailipa na nini. Nifikirie hilo. Ni jambo halisi, lina majibu. Nitaandika maombi ya kazi Njombe, kwenye kampuni za parachichi. Nitaandika na Mafinga, kwenye mbao. Barua ianze hivi: Husika na kichwa cha habari hapo juu. Basi linaondoka. Atupele amefumba macho lakini halali. Midomo inacheza. Anasali.

Ijumaa, 23 Januari

Mama amefariki.

Jana alfajiri. Hospitali, Iringa mjini. Kiharusi.

Siwezi.

Jumamosi, 24 Januari

Tumezika. Watu wengi. Udongo mwekundu, umelowa, ulinata kwenye majembe na wanaume walikuwa wanaubandua kwa mikono. Mtu alinishika bega muda wote. Sijui nani. Sikulia. Watu wanasema nilie. Nimeganda. Naona midomo inatembea.

Nilikuwa nimevaa lile shati nililolipiga pasi mara mbili.

Jumatatu, 26 Januari

Niandike jinsi nilivyojua, maana naliona kila nikifumba macho. Labda nikiliandika litatoka.

Basi lilisimama Ipogolo, pale wanaposhukia wa Iringa mjini. Atupele hakushuka. Nikamwambia, dada, umepitiliza, shangazi yako. Alinishika mkono. Nikautoa mkono. Nikaanza kumweleza kwamba atapata gari la kurudi, asijali, magari ni mengi. Niliongea mfululizo kutoka Ipogolo mpaka Ilula. Nilimweleza habari za parachichi. Nilimweleza bei ya mbao.

Tukafika. Basi likapunguza mwendo, na akina mama wakainuka kama kawaida na mabeseni kichwani, wakaja wanakimbia kila mmoja awahi dirisha. Nikafungua kioo. Nilitaka kumwona mama.

Wa mbele aliniona. Mama Rehema, yule aliyeniita Mwamba. Alisimama ghafla mpaka wa nyuma yake akamgonga. Halafu akateremsha beseni lake chini, kwenye matope. Wa pili akateremsha. Wote. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyesema nyanya, wala vitunguu. Abiria waliokuwa wametoa mikono yenye hela nje ya madirisha walibaki wameshangaa, mmoja akasema, "Vipi, leo hamuuzi?" Walisimama tu wamejipanga kando ya barabara, mikono mitupu, wananitazama mimi, na mama Rehema akavua kitenge cha kichwani akajifunga kiunoni.

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa.

Sikumbuki kushuka. Wanasema nilishuka nikamwuliza kila mmoja, mama yuko wapi, kwa adabu, na kwa kila mmoja nikatanguliza salamu. Kamwene. Kamwene. Kama karani anayehakiki majina.

Jumatano, 28 Januari

Mama mdogo amenieleza yote leo. Ni mdogo wake mama wa kuzaliwa, alikuwa naye hospitalini. Hakujua kwamba sijui. Alidhani kaka Fadhili alishaniambia. Tulikuwa tunachambua maharage.

Jumapili ile haikuwa presha kidogo. Alianguka barabarani na beseni lake. Upande mmoja wa mwili ulikufa, ulimi ukaanza kulemaa kesho yake. Jumatatu wakampeleka Iringa mjini. Jumanne, nilipompigia, yale magurudumu yalikuwa machela. Hakuwa anakula uji. Hakuwa anameza kitu chochote.

Na alikuwa anaelewa kila kitu. Kaka Fadhili alitaka kuniita tangu Jumapili. Mama alikataa. Mama mdogo alinionyesha alivyokataa, alitikisa kichwa hivi, huku na huku, na mkono mmoja uliobaki akamshika Fadhili shati. Maneno yalikuwa yanatoka kwa shida. Alisema, "Mwacheni. Ameanza vizuri. Akikimbia sasa hataacha tena." Mama mdogo akasema, "Dada, huyu ni mwanao, aje akuone." Mama akasema atapona kwanza, nitakuja Pasaka nimkute amesimama barabarani, na yeye atanihadithia nicheke.

Alikuwa anatunza azimio langu.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeitazama. Haikai. Mimi nimekaa Uyole nikijisifu nimekuwa mtu mzima, na mama amelala nusu mfu anapigana na mwanawe na mdogo wake nisiondolewe kwenye kiti changu. Niliahidi kuamini ninachoambiwa. Yeye akahakikisha naambiwa kinachoaminika.

Nilimwaga maharage. Sikukusudia. Mikono tu.

Alhamisi, 29 Januari

Nimegombana na kaka Fadhili, nyuma ya nyumba, watu wakisikia. Nilimwita mwongo. Nilimwita muuaji pia. Yeye ni mkubwa wangu, amenisomesha baada ya baba kufa, na nimemwita hivyo mbele ya mkewe.

Hakunipiga. Alisema, "Ulitaka nifanyeje? Nimkatalie mama kitandani? Wewe ungemkatalia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Huwezi hata kumkatalia konda." Ni kweli. Nilichukia kwamba ni kweli.

Halafu akaketi juu ya gogo akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Jumanne usiku aliandika ujumbe wa kuniita, akaufuta. Jumatano akaandika tena, akaufuta. Alisema kila akitaka kuutuma alimwona mama amemkazia jicho, lile moja lililobaki zima. Alisema yeye ndiye aliyekuwa anakimbia. Mimi nilikuwa nimekaa na yeye alikuwa anakimbia huku na huko na siri mkononi. Alilia kwa sauti mbaya, kama anakohoa. Ndipo na mimi nikalia. Mara ya kwanza tangu Alhamisi ile.

Shemeji alituletea maji ya kunawa uso.

Jumapili, 1 Februari

Narudi Mbeya kesho. Bwana Jivan amepiga. Sikufukuzwa. Alichukua funguo kwa sababu stoo lazima ifunguliwe nami ningekuwa msibani. Jambo rahisi kama hilo. Amesema, "Wewe pumzika. Kazi ipo. Mama moja tu." Atupele alirudi Mbeya siku moja baada ya mazishi. Alipika hapa kwa siku mbili na wanawake wa kwetu, wakamfundisha kusalimia, akawatania kuhusu mbwa, wakamtania kuhusu ndizi. Shangazi wa Iringa hayupo, hakuwahi kuwapo.

Nilimshukuru stendi. Nilimwuliza pia kwa nini hakuniambia pale Makambako, wakati ninaandika barua ya kuomba kazi. Alisema angeniambia nini, ndani ya basi, katikati ya watu, na mimi nina karanga mdomoni. Labda hakuna mahali pazuri.

Mimi na kaka Fadhili tumekubaliana. Si kwa hasira. Atakuwa ananiambia yote, kama yalivyo, hata kama ni mabaya, hata kwenye simu. Amesema mila haikubali. Nimesema najua. Kisha amesema sawa. Sijui kama ataweza. Sijui kama mimi nitaweza kusikia.

Jumatatu, 9 Februari

Kazini. Nimepewa funguo. Wateja wengi wa mbolea ya kukuzia. Watu wanakuja kunipa pole kaunta, wananishika mkono, halafu wanauliza bei. Sawa tu.

Mteja mmoja ameniuliza kama mwaka umeanza vizuri.

Mchungaji alipita dukani kunifariji. Akasema nisikate tamaa na malengo yangu ya mwaka. Alisema kwa nia njema. Nilikwenda stoo nikakaa nyuma ya mifuko mpaka akaondoka. Nina hasira na azimio. Mtu anaweza kulikasirikia azimio? Lilikuwa zuri. Kila mtu alilisifu. Nililishika kikamilifu, hata siku moja sikulivunja, na lile ndilo lililoninyima mama siku nne akiwa hai.

Sijui nifanye nini nalo. Kuliacha ni kurudi kuwa kuku. Kulishika siwezi.

Jumamosi, 21 Februari. Ilula

Jana jioni kaka Fadhili alipiga. Neema, bintiye, ana homa. Alianza mwanzo kabisa: mtoto aliamka analegea, ametapika, wakampeleka zahanati, wakampima, si malaria, amepewa dawa ya maji, amekunywa, joto limeshuka, sasa amelala, mama yake yuko naye. Halafu akasema, "Hakuna kingine. Kingekuwapo ningekwambia." Nikamwuliza, nije? Akasema hakuna haja.

Nilimwamini. Kila neno. Kwa mara ya kwanza nilimwamini mtu kwenye simu bila kujilazimisha.

Asubuhi nilikwenda kwa Bwana Jivan nikaomba ruhusa. Akauliza mtoto ana nini. Nikasema homa, imeshashuka. Akanitazama juu ya miwani. "Homa imeshuka, halafu wewe unaenda?" Nikasema ndiyo, bosi. Akasema Jumatatu saa mbili niwe kaunta. Atupele alinifungia ndizi za kuchoma kwenye gazeti.

Sikulia ndani ya basi. Niliogopa kidogo baada ya Mafinga, halafu nikasinzia.

Nimefika alasiri. Neema alikuwa uani, miguu mitupu, anamfukuza kuku kwa fimbo. Shemeji alitoka jikoni na unga mikononi, akaniona nimesimama na begi langu, nimevaa koti na viatu vya kazini. Akaweka mkono wa unga mdomoni. Akaanza kucheka. Akamwita mumewe, "Baba Neema, njoo uone nani amekuja!" Kaka Fadhili akatoka, akanitazama, akamtazama mtoto, akamtazama kuku. Kicheko kilimtoka mpaka akashika nguzo ya kibaraza. Alijaribu kusema kitu akashindwa. Akakaa chini kabisa, anacheka, anajifuta macho. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwaka uanze.

Nimewaacha wacheke. Nimevua viatu.

Neema hakuuliza nimefuata nini. Amesema, "Shikamoo baba mdogo," akanipa fimbo nimshikie, akaenda kunywa maji.